Veranda ya mbao, awamu ya pili

Jamani, mwaka jana nilipaka vanishi ya kung'aa kwenye veranda yetu ya mbao hapa Kisumu. Ilipendeza hadi wageni wakawa wanavua viatu! Jua letu hili na mvua ya masika vikaifanyia kazi. Kufikia Desemba ilikuwa inabanduka vipande vipande, maji yamepenya chini yake, mbao zimekuwa nyeusi.

Wiki hii nimeanza upya. Fundi akaniambia, "Mama, vanishi inakaa juu tu. Mbao za nje zinataka mafuta ya kuingia ndani." Tukasugua ukungu kwa sabuni, tukaacha zikauke kabisa, kisha msasa siku mbili (mgongo bado unalia). Kabla ya kupaka akadondosha maji kidogo. Yakanyonywa papo hapo, akasema ziko tayari. Tukapaka tabaka jembamba la mafuta ya kitani (ya mbegu za mmea wa kitani), yaliyobaki juu tukayafuta kwa matambara.

Matambara hayo msiyarundike pembeni! Yenye mafuta ya kitani yanaweza kushika moto yenyewe. Yangu nimeyaanika uani moja moja.

Paka wa jirani naye keshapita. Nyayo zake nne ziko pale ngazini, nimeziacha.