Daftari la mvua, Kirumba, Mwanza: sasa naandika na saa

Masika yanaelekea ukingoni, na daftari langu limepata safu mbili mpya: saa mvua ilipoanza, na upande lilikotokea wingu. Hapo awali nilifuata utaratibu wa vituo vya hali ya hewa. Wao husoma kipima mvua saa 3 asubuhi na kuandika jumla ya saa 24 zilizopita. Ni utaratibu mzuri, kwani ndio unaowezesha kuilinganisha Mwanza na Bukoba au Musoma. Ila jumla hiyo haikwambii kama mvua ilinyesha alfajiri au jioni, na huku kando ya Ziwa Victoria hilo ndilo swali lenyewe.

Kifaa hakijabadilika. Ni chupa kubwa ya maji iliyonyooka ubavu, nimeikata shingo na kuipindua iwe faneli, chini nimemwaga saruji ili pawe tambarare na upepo usiiangushe, pembeni nimebandika rula. Imekaa juu ya nguzo uani, mbali na bati. Mtu akiniuliza milimita ni nini, humwambia hivi: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya uwanja wako. Hapo anaelewa mara moja, hasa kama ana pipa la kukinga maji.

Aliyenisukuma kuongeza safu ya saa ni mama mmoja anayeanika dagaa Igombe. Nilimsalimia, nikamwonyesha daftari, akalitazama kwa makini kisha akasema: "Mwanangu, hizi milimita mimi nizifanyie nini? Niambie inakuja saa ngapi, nijue kuanua." Ana haki. Dagaa wakilowa kabla hawajakauka huharibika, na anayebaki kuwataka ni mnunuzi wa chakula cha kuku, kwa bei yake. Yeye haangalii ukubwa wa wingu. Anaangalia limekaa wapi. Likisimama upande wa Ukerewe kabla jua halijachomoza, hamwagi dagaa kichanjani mpaka aone linakoelekea.

Nilipoanza kuandika saa, maneno yake yakaanza kuonekana kwenye karatasi. Mvua nyingi kubwa za masika haya zimeanza usiku wa manane kwenda asubuhi, zikitokea majini. Sababu yake inajulikana. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuja huku, na mawingu yakajijenga juu ya vilima vya bara. Usiku nchi kavu inapoa, lakini ziwa linabaki na joto lake. Upepo unageuka, unatoka pwani zote kwenda ziwani, unakutana huko katikati, hewa inapanda, na ngurumo zinazaliwa hukohuko. Na kwa kuwa upepo wa ukanda huu huvuma zaidi kutoka mashariki, sehemu kubwa ya mvua hiyo husukumwa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi Mwanza karibu nusu ya hizo.

Sasa fikiria mvuvi wa dagaa. Anavua kwa taa, na taa zinahitaji giza, kwa hiyo huingia ziwani siku zisizo na mbalamwezi na kurudi alfajiri. Saa zake za kazi ndizo saa ambazo ziwa linatengeneza dhoruba. Jambo hili linaniuma kuliko yote ninayoandika humu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi, na ningependa kila mwalo uwe na mtu wa kuusoma kwa sauti kabla mitumbwi haijasukumwa.

Ukurasa wa nyuma wa daftari naandika yale ninayosimuliwa. Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, alinieleza habari za joka linaloteremka kutoka wingu jeusi kunywa maji ya ziwa, likinyanyua na samaki. Nilimuuliza: "Babu, huwa linakuja kukiwa na upepo mkali?" Akasema hapana, ziwa huwa limetulia, na wingu lina tumbo lililonyooka kama dari. Hapo nilifurahi mno, maana hivyo ndivyo kimbunga cha maji kinavyotokea: maji ya vuguvugu, upepo mdogo, wingu linalokua haraka juu yake. Ule mkia mweupe kwa sehemu kubwa ni mvuke uliogeuka matone. Maji ya ziwa yanayorushwa ni yale ya chini kabisa, kwenye mguu wake. Habari za joka mimi siziamini. Lakini mzee huyu ameangalia vizuri, na agizo lake kwa vijana, kwamba ukiliona geuza mtumbwi usilifuate, ni agizo sahihi.

Wadudu wa ziwani ni suala jingine. Wanapoibuka kwa mamilioni huonekana kama moshi unaopanda majini, na wengi hapa mtaani husema mvua iko njiani. Wadudu hawa huibuka zaidi siku za mwezi mwandamo. Kwa hiyo nimewapa safu yao karibu na ya mwezi, na kwenye daftari langu wamefika mara kadhaa bila tone kufuata.

Kuhusu maji kupanda, wazee wananipa miaka bila kusita. Mei 2020, ziwa lilipofika majumbani, walisema limewahi kufanya hivyo "baada ya Uhuru". Ni kweli: mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na rekodi hiyo ndiyo iliyovukwa 2020.

Vuli ikianza Oktoba nataka vipima vitatu vinavyofanana: hiki cha Kirumba, kimoja Buhongwa mbali kidogo na maji, na kimoja Igombe. Mama wa dagaa amekubali kukitunza. Sharti lake ni kwamba safu ya saa ije kwanza, milimita zifuate, na nimeshaanza kuchora kurasa zake hivyo.