Zazen, maono, na yule ninayemwambia

Hapa Würzburg, Ujerumani, wafanyakazi wenzangu wakisikia kwamba mimi ni Mkatoliki na bado nakaa zazen, yaani tafakari ya kukaa kimya ya Wabuddha wa Zen, huniambia: si yale yale tu, nyinyi mnasali, wao wanatafakari? Sikubaliani nao. Nimeonja yote mawili kwa moyo wote, na ninavyoona mimi yanafanana mahali ambapo watu wengi hawapatazami, na yanatofautiana mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Magharibi mwa mji kuna nyumba ya mafungo iliyokuwa monasteri ya Wabenedikto. Huko wanafundisha Zen. Unakaa juu ya mto wa mviringo, magoti yakigusa godoro jembamba, mgongo umenyooka, macho nusu wazi, uso umeelekea ukutani. Hakuna wimbo, hakuna somo. Anayeanza hupewa kazi ya kuhesabu pumzi, moja hadi kumi, na mawazo yakimchukua anarudi kwenye moja. Mimi nahesabu kwa Kiswahili, na mara nyingi kabla sijafika saba nimeshajikuta wodini nabishana na daktari kuhusu dripu ya mgonjwa. Basi, moja tena. Kengele ikilia mnasimama, mnatembea polepole kwa mstari, halafu mnarudi kukaa.

Kwenye mafungo fulani, alasiri, miguu ikiwa imekufa ganzi kabisa, plasta ya ukuta ilianza kucheza mbele yangu. Madoa yakajipanga yakawa pindo la kanga, jekundu na jeusi, ile ile tuliyomfunika mama siku ya msiba. Niliona mpaka mahali pa maandishi, ila hayakusomeka. Machozi yakanitoka, nikahisi mama yupo chumbani. Nilipoingia kuonana na mwalimu nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema: hiyo inaitwa makyo, huwatokea watu wanaokaa kwa muda mrefu. Usiifukuze, usiishike. Rudi kwenye pumzi.

Niliumia. Ingekuwa Mwanza, kwenye mkesha wetu wa Karismatiki, ningepewa kipaza sauti. Ningetoa ushuhuda, watu wangeitikia Amina, mama mmoja angeshukiwa na neno la kulifafanua ono lile, na mpaka alfajiri tungekuwa tunaimba mapambio kwa furaha. Sisemi hivyo kwa kubeza. Kwenye mikesha ile ndiko nilikojua kwamba Yesu ananipenda mimi, kwa jina langu, na mama alipofariki ni watu wale wale waliolala kwetu matanga yote.

Baadaye nikagundua kwamba Kanisa langu lenyewe lina mwalimu anayesema karibu sawa na yule wa Zen. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa wa shirika la Wakarmeli wa Hispania aliyefariki 1591, anawaonya watu wa sala wasiyang'ang'anie maono, hata yale yaliyotoka kwa Mungu kweli. Hoja yake ni kwamba kama ono ni la Mungu, kazi yake moyoni imeshafanyika pale pale lilipotokea. Anayelishikilia anajizuia kwenda mbele kwa imani. Miaka yote ya mikesha sikuwahi kulisikia fundisho hili, na nasikitika, kwa sababu lingetuepusha na mengi.

Vatikani nayo ililigusa jambo hili kwenye barua kuhusu tafakari ya Kikristo ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyosainiwa na Kardinali Joseph Ratzinger. Barua haisemi kwamba njia za dini nyingine zitupwe kwa sababu tu si za Kikristo. Inachoonya ni kwamba mazoezi fulani ya mwili huleta utulivu, pengine hata mwanga na joto, na mtu asidhani hiyo ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Wengi huisoma kama onyo kwa watu wa Zen na yoga peke yao. Mimi naona inatuhusu na sisi wa mikesha: kukesha, kufunga, ngoma na kinanda ni mambo ya mwili vilevile.

Kwa hiyo tukilinganisha hisia tu, hatutafika popote. Utulivu nimeupata kote, na machozi pia. Tofauti iko kwingine. Dogen, mtawa wa Kijapani wa karne ya 13, alifundisha kwamba kukaa kwenyewe ndiko utimilifu, hukai ili upate kitu kingine. Nikikaa hivyo, hakuna ninayemwambia lolote, na hata huyu "mimi" anayekaa naambiwa nisimshikilie. Jioni nikienda kuabudu Ekaristi, ule mkate mtakatifu ambao sisi Wakatoliki tunaamini ni Yesu mwenyewe, mwili unakaa vilevile, pumzi ni ile ile, lakini kuna anayenitazama. Naweza kumlalamikia. Naweza kumtajia mgonjwa aliyefariki zamu yangu ya usiku bila ndugu hata mmoja pembeni, nikamkabidhi. Zazen imenifundisha kuacha. Mbele ya Sakramenti nina wa kumwachia. Kwangu hiyo si tofauti ndogo, na sitaki ifichwe kwa ajili ya kuelewana.

Na bado Zen siiachi. Zen kati ya Wakatoliki wa Ujerumani imepitia sana kwa Padre Hugo Lassalle, Mjesuiti aliyefika Japani 1929. Bomu la Hiroshima lilimkuta mjini, akajeruhiwa, akabaki. Kanisa kuu la kumbukumbu ya amani alilolipigania liliwekwa wakfu 1954. Huyo huyo alikaa zazen miaka mingi chini ya walimu wa Kibuddha mpaka akaruhusiwa kufundisha, akafariki 1990 akiwa bado padre. Mtu aliyepita kwenye moto ule sidhani alikuwa anatafuta starehe ya akili.

Desemba nakuja likizo Mwanza, na mkesha nitahudhuria. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa kikundi kuomba nusu saa ya kimya katikati ya usiku, Sakramenti ikiwa altareni, kinanda kikiwa kimezimwa. Amejibu kwamba watalijadili, maana wengine wanaogopa watu watasinzia.