Mmenyuko wa Kemikali: Maneno ya Kuanzia

Mwanafunzi anayeanza kemia ningependa ashike kwanza maneno mawili: vitendanishi, yaani vitu vinavyoingia katika mmenyuko, na mazao, yaani vitu vipya vinavyotokea. Utepe wa magnesiamu unapowashwa hutoa mwanga mweupe mkali, usiofaa kutazamwa kwa macho matupu, kisha hubaki unga mweupe ambao si magnesiamu tena bali ni oksidi yake. Wengi hudhani kwamba kilichoungua lazima kipungue uzito, ilhali gramu 24 za magnesiamu huungana na gramu 16 za oksijeni ya hewani na kutoa gramu 40 za oksidi, kwa kuwa atomu hupangwa upya tu, wala hazipotei. Kichocheo, ambacho huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kifundishwe baada ya hapo.