Jinsi tulivyofufua mifumo yetu baada ya maji kuingia chumba cha seva

Nilipokabidhiwa jukumu la kuandaa mpango wa mwendelezo wa shughuli katika shirika letu, yaani namna ya kuendelea na kazi mifumo inapozimika, ushauri wote nilioupata ulikuwa wa kununua: seva ya pili (kompyuta kuu inayoendesha mifumo na kuhifadhi data), nafasi kubwa zaidi kwenye wingu (hifadhi ya data kupitia mtandao), programu ya kuchukua nakala rudufu. Mshauri tuliyemlipa fedha nyingi alituachia kitabu cha kurasa zaidi ya 80, kisha akatuelekeza tukihifadhi kwenye seva ileile ambayo kitabu hicho kilitufundisha namna ya kuifufua. Naudhika hadi leo nikikumbuka, kwa sababu tulikaa miezi mingi tukiamini kwamba tuko salama.

Kazi ilianza kusonga nilipokwenda idara kwa idara. Swali la kitabuni, "mnaweza kukaa muda gani bila mfumo?", halikunisaidia, kwani kila mkuu wa idara alijibu kwamba hata dakika moja hawezi. Nikauliza kwa namna nyingine: "Mfumo ukizimika kesho asubuhi, mtaandika kwenye karatasi hadi lini kabla karatasi hazijawashinda kuziingiza upya?" Hapo watu walitulia wakafikiri. Mama anayesimamia mishahara alisema anaweza kusubiri siku 4, isipokuwa mwisho wa mwezi, ambapo hata siku 1 ni nyingi. Wapokeaji wa maagizo ya wateja walisema kwamba baada ya saa 6 hawatajua tena nani kaahidiwa nini. Kutokana na majibu hayo tulipata vipimo viwili ambavyo hakuna mpango unaosimama bila hivyo: muda ambao huduma lazima iwe imerudi, na saa ngapi za data tunaweza kuzipoteza na kuziandika upya. Kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa shughuli, ISO 22301, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019, nacho kinataka athari zichambuliwe kwanza ndipo mbinu zichaguliwe.

Kuhusu nakala tulifuata kanuni inayojulikana: nakala 3, katika aina 2 za vifaa, na 1 ikae mbali na jengo. Atakayekwambia hiyo ya mwisho si lazima, mkumbushe moto wa tarehe 10 Machi 2021 katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, ambako baadhi ya wateja walipoteza data pamoja na nakala zake kwa sababu vyote vilikuwa mahali pamoja.

Hata hivyo, zoezi letu la kwanza la kurejesha lilishindwa. Ripoti ya kila usiku ilikuwa imeandika "imefaulu" kwa zaidi ya mwaka mzima. Nilitenga kompyuta isiyounganishwa na mtandao, nikaleta diski iliyokuwa ikihifadhiwa jengo la pili, kisha nikampa maelekezo yaliyochapishwa kijana mmoja wa uhasibu ambaye hakuwahi kugusa seva. Mafundi niliwakataza kusema lolote, kwa maana siku ya maafa huenda wasiwepo. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha kijana akasimamisha mikono, akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akaniambia, "Mkuu, hapa panatakiwa ufunguo wa kufungulia data. Uko wapi?" Ufunguo huo, yaani msururu wa herufi unaofungua nakala zilizofungwa kwa msimbo, ulikuwa ndani ya seva tuliyokuwa tumejifanya imeungua. Nakala zetu zote 3 zilikuwa nzima, na hakuna hata moja iliyofunguka.

Jioni ileile tuliuchapisha ufunguo, tukautia katika bahasha 2 zilizofungwa kwa lakiri: moja kwenye kasha la chuma la mhasibu mkuu, nyingine jengo la pili. Kitabu cha mshauri tulikipunguza kikawa kurasa 4, namba za simu zikiwa ukurasa wa kwanza, na kila kiongozi akapewa nakala ya karatasi ya kuweka nyumbani. Mlinzi naye akabandika ukurasa huo wa kwanza ukutani kwake. Zoezi la pili liligundua folda ya mikataba ambayo haikuwahi kuingizwa kwenye nakala. La tatu lilikamilika.

Miezi michache baadaye, saa 3 usiku, bomba lilipasuka juu ya chumba cha seva. Mlinzi alizima umeme wa chumba, akapiga namba ya kwanza kwenye ukurasa wake. Fundi wetu mkuu alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Kijana wa uhasibu ndiye aliyefungua bahasha na kuusoma ufunguo kwa sauti, herufi kwa herufi, nami nikiandika. Ilipofika saa 9 kasoro robo usiku mfumo wa maagizo ulikuwa umewaka kwenye mashine ya akiba. Nakala ya mwisho ilikuwa ya saa 2 usiku, kwa hiyo tulipoteza maingizo ya saa 1, ambayo yule kijana na wenzake wawili waliyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi kabla ya adhuhuri.