Orodha ya mlango wa stoo

Jumapili jioni

Kitabu kilichobadilisha kazi yangu ya upishi wa sherehe hakikuandikiwa wapishi. Mwandishi wake ni daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande, na kitabu chenyewe kinaitwa The Checklist Manifesto, cha mwaka 2009. Kilichonivuta ni Ifakara, mji wa kwetu Kilombero. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa kati ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na za London, Seattle, Manila na kwingineko. Mimi mtoto wa Kilombero, nikikutana na Ifakara kwenye kitabu cha namna hiyo, nasoma mpaka mwisho.

Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Katika hospitali hizo, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha yenyewe ina vipengele 19, wala hakuna ufundi mpya ndani yake. Mgonjwa ndiye huyu? Sehemu ya kupasua imewekwa alama? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa? Kila aliyemo chumbani anayajua hayo. Shida ni kwamba kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshafanya.

“Nilidhani umebeba wewe.” Yeyote aliyewahi kupakia vyombo vya harusi anaijua kauli hii. Pilau ya watu 300 inahitaji mikono mingi, na mikono ikiwa mingi, regulata ya gesi inakosa mwenyewe. Mtungi unafika ukumbini, regulata imelala stoo, na bibi harusi yuko njiani.

Gawande anasisitiza orodha iwe fupi, ishike yale tu ambayo yakisahaulika yanaleta madhara. Kwa hiyo sufuria kubwa sikuziandika, maana hakuna atakayeondoka bila sufuria. Nimeandika vitu vidogo: regulata na mpira wake, kiberiti, upawa, visu, chumvi, glovu, ndoo ya kunawia yenye koki. Nimeibandika kwenye mlango wa stoo, kwa ndani, pale macho yanapotua mtu anapotoka.

Lakini karatasi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni nani aisome. Kitabu kinaeleza habari za Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, ambaye mwaka 2001 aliandika hatua 5 za kuwekea wagonjwa mahututi mrija kwenye mshipa mkubwa. Uongozi ukawapa manesi ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua yoyote. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wote wa kitabu hiki. Na kwetu uzito huo unazidi, maana binti aliyemaliza shule juzi atamwambiaje mtu mzima asubiri?

Nilianza kwa kwenda kwa mama mpishi mkuu, peke yetu, nikamweleza. Akanitazama.

“Mwanangu, hawa nimeanza kupika hawajazaliwa. Leo wanisomee?”

“Hawakusomei wewe, mama. Wanalisomea gari.”

Akacheka, akakubali. Kisha nikatangaza mbele ya wote, yeye akiwepo: binti ndiye msomaji, na kirikuu haiwashwi mpaka aseme tayari.

Jana tulikuwa na harusi Kihonda. Binti alisimama mlangoni, sauti chini kidogo. “Regulata?” Kijana wa majiko akajibu ipo. “Ioneshe, kaka.” Akafungua boksi, akainyanyua. Utaratibu huu wa kukionesha kitu badala ya kukitaja tumeuongeza wenyewe, na naupenda kuliko yote, kwa sababu mdomo unajibu haraka kuliko mkono. “Kiberiti?” Mama akafungua fundo la khanga, akakitoa. “Chumvi?” Kimya. Dereva alikuwa ameshakaa, mkono kwenye ufunguo. Mama mpishi mkuu ndiye aliyesema: “Kachukue, mwanangu, tunakusubiri.”

Nimesoma vitabu vingi vya biashara ambavyo vilinisisimua usiku na asubuhi vikawa vimepoa. Nikiangalia hiki, naona somo lake lilipata mahali pa kukaa: mlangoni, kabla gari halijawaka, mkononi mwa mtu anayejulikana. Bila ruhusa ile niliyoitamka mbele ya watu, nadhani binti angeisoma chumvi kimoyomoyo akanyamaza.

Leo mama mwenyewe amedai orodha ya pili, ya kurudi, kwa sababu sahani za kukodi zikipungua tunalipa sisi. Tumebishana tuzihesabu wapi. Mimi nilitaka baada ya kuosha, nyumbani, kwa utulivu. Yeye anasema zihesabiwe zikiwa chafu, ukumbini, kabla vijana wa kuhudumu hawajatawanyika, maana nyumbani utahesabu upungufu tu. Amenishinda kwa hoja. Ijumaa tuna kipaimara Mazimbu, tutaanza hivyo.