Shaba Inayong'aa Huidanganya Kamera ya Joto

Elekeza kamera ya infraredi kwenye basibaa (upau wa kusambaza umeme ndani ya paneli) ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa, nayo inaweza kusoma nyuzi 30 ilhali shaba imeshapita 70. Kamera ni nzima. Metali inayong'aa hutoa mionzi kidogo mno ya joto. Kinachoonekana kwenye skrini ni akisi ya ukuta, ya taa, hata ya uso wa fundi mwenyewe. Dawa yake ni ya bei ndogo: umeme ukiwa umezimwa, bandika tepu nyeusi ya umeme kando ya kiungo. Baadaye, umeme ukiwa umerudi, weka kwenye kamera emisiviti (kipimo cha uwezo wa uso kutoa mionzi ya joto) ya 0.95 na upime juu ya tepu. Kama hukubandika, soma ganda la plastiki la waya pale linapoanzia, karibu kabisa na lagi (kichwa cha metali kinachofunga waya kwenye kiungo).

Kifuniko cha plastiki angavu kilicho mbele ya breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) nacho huzuia mionzi hiyo, sawa na kioo cha dirisha. Lazima kitolewe, na hapo umeme uko wazi, kwa hiyo kazi ni ya fundi mwenye sifa, aliyevaa glavu na ngao ya uso.

Pima joto wakati mzigo umefika walau asilimia 40 ya uwezo wa saketi. Joto linalozalishwa kwenye kiungo hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto hilo huwa mara nne. Ndiyo maana kiungo kibovu hujificha usiku wa manane na kuungua saa za kazi.

Kisha linganisha fezi tatu (njia tatu za umeme) zenye mzigo sawa. Moja ikizidi wenzake kwa nyuzi 15, itengenezwe mara moja. Joto likiwa kali kwenye nati na kupungua kadiri waya unavyokwenda mbali, kiungo kimelegea au kimeshika kutu. Waya wote ukiwa moto sawasawa, umezidiwa mzigo. Usikimbilie kukaza kwa nguvu za mkono: zima, safisha, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi kiwango cha mtengenezaji, maana kukaza kupita kiasi nako huharibu nyuzi za skrubu.

Kwenye raki (kabati la seva za kompyuta) mambo ni mengine, kwa sababu kamera haioni hewa. Ning'iniza karatasi mbele ya seva, subiri dakika moja, uisome karatasi. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na ubaridi, hupendekeza hewa inayoingia iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Juu ya raki pakiwa na moto kuliko chini, mara nyingi kuna nafasi tupu za raki zisizozibwa, na hewa moto ya nyuma inarudi mbele.