Zamu haimtibu muuguzi mgonjwa
Muuguzi ana homa, anameza parasetamo na kuingia zamu, maana asipofika wenzake wawili watabeba wodi nzima. Huruma hiyo ndiyo inayommaliza. Asiyepumzika huchelewa kupona, uchovu hurundikana, mwishowe kazi yenyewe inamchosha roho na wagonjwa anawaona mzigo. Hapo ndipo 0.5 husomwa 5 kwenye chati ya dawa.

Ukiharisha au kutapika, kaa nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Kitakasa mikono cha alkoholi hakiiwezi vizuri norovirusi, kirusi kinacholeta kuharisha na kutapika. Nawa kwa sabuni na maji. Kwa mafua makali, subiri saa 24 bila homa, tena bila dawa ya kuishusha.

Msimamizi, panga wauguzi wa akiba kwenye ratiba ileile ya mwezi. Kumuuliza muuguzi mgonjwa “nani atakushikia zamu?” ni kumlazimisha aje, kutafuta mbadala ni kazi yako.